Sheria ya Ng'ombe Georgette

Lucien Pelkey hakuwa na bunduki. Hakuwa na mke, wala gari, wala mbwa, wala jino hata moja la juu upande wa kushoto. Hakuwa na mtu wa kubishana naye juu ya historia, kwa sababu katika mji mzima wa Pelgrove, kwenye vilima vya magharibi mwa Massachusetts, wapenzi wa historia walikuwa wawili na mmoja alishazikwa. Na zaidi ya yote, hakuwa na shahada.

Si kwamba hakuisomea. Alisoma masomo ya jioni katika chuo cha mji wa jirani kwa miaka kumi na mmoja, akitoka kiwandani na vumbi la karatasi kwenye nyusi, akafaulu kila somo, hata jiolojia ambayo hakuipenda. Lakini chuo kile kilikuwa na kanuni yake ya tangu zamani: hakuna anayevikwa joho kabla ya kuogelea bwawa kutoka mwanzo hadi mwisho, mara nne, mbele ya mwalimu mwenye filimbi. Lucien alikuwa tayari kwa mtihani wowote duniani isipokuwa ule unaofanywa kwenye maji yaliyopita kifua. Akarudi nyumbani na matokeo ya masomo ishirini na saba, akayafungia kwenye droo, na kwa miaka arobaini na zaidi hakuna aliyethubutu kuitaja droo hiyo mbele yake, ila dada yake Blanche, ambaye aliitaja kila alipokasirika.

Sasa alikuwa na miaka sabini na saba, fundi mstaafu wa kiwanda cha karatasi na mtunza nyaraka za mji bila malipo. Aliishi na Blanche, mkubwa wake kwa miaka mitatu, mjane, mpishi wa maharage.

Maharage hayo ndiyo yaliyoleta kesi.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wa Pelgrove hukusanyika kwenye ukumbi wa wakulima kula maharage ya kuoka na mkate mweusi. Mwezi Machi Blanche alichovya upawa kwenye chungu kikubwa ili ampakulie mke wa mchungaji, akauona upawa ni mzito kuliko kawaida. Akautikisa kidogo. Kwenye sahani ya mama mchungaji ikadondoka bastola.

Mama mchungaji aliitazama, akasema, "Nilikuwa nimeomba kidogo tu."

Bastola ilikuwa ya jirani yao, Orrin Tuttle, mzee mrefu mwenye tabia ya kuinamia vyungu vya watu na kunusa. Ilimponyoka kiunoni alipoinama, naye akawa ameitafuta nusu saa nzima chini ya makoti bila kumuuliza mtu, maana aliona aibu.

"Nipe chombo changu, Blanche," alisema.

"Kioshe kwanza," Blanche akamjibu. "Na ukirudi nacho humu tena, nitakipika mpaka kiive."

Wiki mbili baadaye mkutano mkuu wa mji ulipiga kura kwa kuinua mikono: mtu asiingie ukumbini na silaha wakati maharage yako mezani. Mikono mia moja na arobaini iliinuka. Wa Orrin ulibaki mfukoni.

"Leo maharage," alisema, "kesho supu!"

Mambo yangeishia hapo kama si wakili Brock Hadley, aliyekuwa akizunguka nchi nzima kutafuta watu wa aina ya Orrin: mtu asiye na kosa lolote polisi, mwenye silaha halali, aliyenyimwa kitu. Alifika Pelgrove na viatu virefu vya wachunga ng'ombe vilivyong'aa, akanywa kahawa jikoni kwa Orrin, na kabla kahawa haijapoa Orrin Tuttle akawa anaushitaki mji wake kwenye mahakama ya shirikisho kwa kuvunja Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya kubeba silaha.

Siku hizi kesi kama hiyo haiulizi kama sheria ina faida au hasara. Tangu Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua hivyo, swali ni moja: je, wazee walioiandika Katiba walikuwa na sheria inayofanana na hii? Kama walikuwa nayo, sheria inasimama. Kama hawakuwa nayo, inaanguka. Basi mawakili wa pande zote wameacha kutazama walio hai, wanafukua madaftari ya makarani waliokufa.

Ndiyo maana asubuhi moja ya mvua ya Aprili wakili wa mji, Bi Constance Farwell, alipanda ngazi hadi kwenye chumba cha nyaraka kilicho juu ya kituo cha zimamoto, akavua koti na kusema, "Bwana Pelkey, natafuta sheria yoyote ya Pelgrove juu ya silaha, kabla ya mwaka 1791 Marekebisho yalipopitishwa. Yoyote. Hata ikiwa ya kipuuzi."

"Tuna ya kuku wanaozurura," alisema Lucien. "Tuna ya uzio. Tuna mtu aliyetozwa faini kwa kulala kanisani."

"Alilala na bunduki?"

"Haikuandikwa."

Walifungua masanduku saa tatu nzima. Lucien alimsomea mwandiko wa zamani kwa ufasaha, akimweleza jinsi ya kutofautisha herufi, na Bi Farwell akawa anatikisa kichwa kwa heshima ambayo Lucien hakuwahi kuiona kwa mtu mwenye shahada. Kisha, kwenye sanduku la nane, wakili alitoa karatasi moja ya rangi ya chai, yenye lakiri nyekundu chini. Akaisoma polepole, kidole kikitembea juu ya maneno:

"Imepigwa kura katika mkutano wa mji, siku ya tatu ya Mei, mwaka 1787, kwamba mtu yeyote asije na bunduki ndani ya hatua arobaini kutoka kwa ng'ombe wa Mjane Submit Hale, aitwaye Georgette, wakati ng'ombe huyo ana mimba na watu wamekusanyika kumtazama, isipokuwa mtu aendaye kula chakula chake, huyo na apite na bunduki yake kwa amani."

Bi Farwell alirudi mwanzo wa karatasi, akaisoma tena.

"Watu wamekusanyika," alinong'ona. "Kuna katazo. Kuna tarehe. Profesa Pelkey, unajua hii ni nini?"

Lucien alijua vizuri sana hii ni nini. Aliiandika mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1976, nchi ilipotimiza miaka mia mbili na kila mji, hata ule wenye duka moja, ukaandaa igizo la waasisi wake. Lucien, kijana wa miaka ishirini na tisa aliyekuwa katikati ya masomo yake ya jioni, alipewa nafasi ya karani wa mji. Angeweza kusimama jukwaani na gazeti lililokunjwa, nani angeona? Lakini yeye hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Kwenye ghala la kiwanda kulikuwa na mabunda ya karatasi za pamba zilizobaki tangu kiwanda kilipojengwa. Akaomba karatasi sita. Akasoma kitabu juu ya wino, akachemsha vinundu vya mti wa mwaloni na misumari yenye kutu. Akachonga unyoya wa bata bukini. Karatasi moja akaichovya kwenye chai, akaikausha kwenye oveni. Maneno aliyatunga ili watu wacheke, na lile la mtu aendaye kula aliliweka kwa sababu fundi bomba mmoja mnene alitaka kupita jukwaani na gobore mkononi na kuku wa kukaanga mdomoni.

Watu walicheka. Igizo likaisha, na mama mmoja mpenda usafi, katibu wa nyaraka wa wakati huo, akaokota kila karatasi iliyokuwa sakafuni na kuiweka mahali alipoona panafaa. Mama huyo alishafariki. Lucien alikuwa ameisahau.

Sasa alifungua mdomo aseme. Lakini Bi Farwell alikuwa amesema *Profesa*. Hakuna mtu aliyewahi kumwita Lucien Pelkey hivyo, hata kwa kumtania. Neno lilimwingia sikioni, likashuka, likakaa mahali fulani kifuani karibu na droo.

"Ni karatasi ya pamba," alisema hatimaye. Na hilo lilikuwa kweli.

Mahakamani, mwezi mmoja baadaye, mji ulimleta mtaalamu kutoka chuo kikuu kikubwa, Dakta Ames Whitcomb. Lucien na Blanche walikaa benchi la nyuma. Dakta aliapa kwamba karatasi ni ya zamani, wino ni wa namna ya karne ya kumi na nane, na mwandiko ni wa karani mwenye elimu. Lucien aliposikia *mwenye elimu* alikaa wima zaidi. Blanche akamtazama kwa pembeni.

"Kwenye lakiri kuna nukta nne," Dakta aliendelea. "Bila shaka ni alama ya familia nne zilizouanzisha mji."

Zilikuwa tundu nne za kifungo cha koti la kazi la Lucien.

"Na jina la ng'ombe?" aliuliza Jaji Ruggiero, mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. "Mjane wa Pelgrove wa wakati ule kumwita ng'ombe wake Georgette?"

"Heshima kwa Wafaransa, Mheshimiwa. Walikuwa wametusaidia vitani."

Georgette alikuwa ng'ombe wa Blanche, na aliitwa kwa jina la shangazi yao wa Quebec kwa sababu wote wawili walikuwa na namna moja ya kumtazama mtu.

Jaji alishusha miwani ya kichwani, akavaa yote miwili. "Dakta, mahakama zimekubali kwamba silaha zinaweza kukatazwa mahali nyeti: shuleni, mahakamani, na kadhalika. Ng'ombe ni mahali?"

"Kwa mtazamo wa karne ile, Mheshimiwa, ng'ombe mwenye mimba alikuwa mahali."

"Na akishazaa?"

"Anarudi kuwa ng'ombe."

Jaji aliandika hilo.

Wakili Hadley akasimama, viatu vikilia. "Dakta, kwenye sheria hii kuna maharage?"

"Hakuna."

"Na kwenye maharage ya Pelgrove kuna ng'ombe?"

"Kuna nyama ya nguruwe," Dakta alikiri.

"Napinga nguruwe!" Bi Farwell aliruka.

"Nguruwe abaki," alisema Jaji.

Hadley hakutaka kuiangusha karatasi, hata kidogo. Aliipenda. Aliiinua juu kama mtoto anayebatizwa, akasoma mwisho wake kwa sauti ya kuhubiri: *isipokuwa mtu aendaye kula chakula chake, huyo na apite na bunduki yake kwa amani*. "Mheshimiwa, mteja wangu siku ile alikuwa anaenda wapi? Kula! Waasisi walimwona Orrin Tuttle akija kwa mbali, miaka zaidi ya mia mbili, wakamfungulia mlango!"

Orrin aliitwa kizimbani. Alikuwa amevaa tai, na tai ilikuwa imemshinda.

"Bwana Tuttle," aliuliza Bi Farwell, "kabla ya kesi hii uliwahi kusikia habari za Georgette?"

"Nimewahi kuwa Georgette, mama."

Jaji aliinua kalamu juu ya daftari.

"Nusu ya nyuma," Orrin alifafanua. "Mwaka sabini na sita, kwenye igizo. Nusu ya mbele alikuwa marehemu kaka yangu, alikataa kubadilishana."

"Kwa hiyo ulisikia sheria hii ikisomwa?"

"Nisikie nini, mama? Nilikuwa ndani ya ngozi, kichwa kwenye makalio ya kaka yangu. Nilikuwa nahesabu hatua."

Lucien aliinuka nusu kwenye benchi. Sasa itajulikana, alifikiri, na pamoja na hofu kulikuwa na nafuu. Lakini Dakta Whitcomb alikuwa ameinua mkono kwa furaha. Kumbe miaka mia mbili baadaye wananchi wa kawaida bado waliicheza sheria hii jukwaani! Kulikuwa na ushahidi gani mkubwa kuliko huo kwamba desturi haikufa? Jaji aliandika ukurasa mzima.

Kuanzia siku hiyo Georgette hakuwa wa Pelgrove tena. Mawakili wa majimbo mengine walimtaja kwenye kesi zao, huyu kutetea katazo la silaha kwenye bustani ya wanyama, yule kulivunja katazo la silaha kwenye migahawa. Mtu mmoja alipiga simu kutoka Idaho akitaka kujua kama ng'ombe huyo alikuwa zizini au malishoni, kwa maana kesi yake ilikuwa ya kiwanja cha wazi. Duka la mji likaanza kuuza fulana zilizoandikwa NG'OMBE NI MAHALI. Lucien alinyamaza. Kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu kidogo zaidi.

Kisha zikaja barua mbili siku moja.

Ya kwanza ilitoka chuoni. Kwa heshima ya mchango wake katika historia ya sheria za nchi, chuo kiliamua kumtunuku Bwana Lucien Pelkey shahada ya heshima, Juni kumi na tano, joho litatolewa. Hakukuwa na neno lolote kuhusu kuogelea. Aliisoma mara ya pili kuhakikisha.

Ya pili ilitoka kwa Bi Farwell. Ilikuwa hati ya kiapo ya ukurasa mmoja: kwamba yeye, mtunza nyaraka, anaapa kuwa karatasi hiyo ni kumbukumbu halisi ya mji, iliyotunzwa tangu enzi za waasisi. Chini kulikuwa na mstari wa sahihi. Airudishe Ijumaa.

Aliziweka zote mbili kwenye meza ya jikoni, moja kando ya nyingine. Blanche alizisoma akiwa amesimama, akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kutoa pasi. Kabla ya chakula cha mchana shati jeupe la Lucien lilikuwa linaning'inia mlangoni, limenyooshwa mpaka kola.

Jumatano alikwenda kwa Bi Farwell.

"Wakili, ile karatasi niliiandika mimi."

Bi Farwell aliacha kalamu. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Umechoka, Profesa."

"Sijachoka. Niliiandika mwaka sabini na sita. Wino niliupika mwenyewe."

"Mzee wangu, nisikilize." Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemshusha paka juu ya mti. "Ukilisema tena, nitakuwa nimelisikia. Nikishalisikia, nitalazimika kumwambia Jaji. Nikimwambia Jaji, mji unabaki na sheria ya kuku na mtu aliyelala kanisani. Umeniambia kitu?"

Lucien alitazama ukuta, palipokuwa na shahada ya wakili ndani ya fremu ya dhahabu. "Nimekuambia mara mbili," alisema.

"Masikio yangu siku hizi," alisema Bi Farwell, "hayana nguvu."

Alimkuta Hadley nje ya mgahawa, akila andazi lenye tundu. Lucien alidhani huyu atafurahi. Si ndiye anayetaka sheria ianguke? Akamwambia yote, kuanzia chai hadi kifungo.

Hadley aliweka andazi chini. "Uliiandika lini, ulisema?"

"Mwaka 1976."

"Hiyo nayo ni historia."

"Bwana, waasisi walikuwa wamekufa!"

"Wengi wao, ndiyo. Sikiliza, baba. Yule ng'ombe ana kifungu cha chakula. Unajua nimetafuta kifungu cha chakula kwa miaka mingapi? Nimekitumia kwenye kesi tatu. Sasa unataka niende kuwaambia majaji watatu kwamba waasisi wangu ni fundi mmoja wa karatasi aliyevaa nguo za igizo?" Akamsukumia kipande cha andazi. "Kula. Nenda ukapumzike."

Orrin alikuwa kwenye gari lake kando ya barabara, dirisha limeshushwa. Alisikia kila neno.

"Kwa hiyo ulikuwa wewe," alisema. "Na mimi miaka yote hii najivunia kwamba nilimcheza ng'ombe wa kweli."

"Samahani, jirani."

"Alikuwa na uzito, yule." Orrin aliwasha gari, akalizima tena. "Utamwambia Jaji?"

"Nikimwambia, huenda ukashinda kesi."

"Najua. Ila nikishinda, Blanche atanipikia?"

"Hatakupikia."

"Basi mimi sijui naomba nini," alisema Orrin, akaondoka taratibu.

Ijumaa asubuhi Lucien alikaa mbele ya hati ya kiapo na kalamu. Shati jeupe lilikuwa bado mlangoni. Alifungua kalamu, akaifunga. Blanche alikuwa anachagua maharage, akiyarusha mabovu kwenye bakuli moja moja, *ti, ti, ti*.

"Dada," alisema.

"Naam."

"Karatasi ya ng'ombe ni yangu."

*Ti.* "Unafikiri sijui? Oveni ilikuwa ya nani? Niliikausha pamoja na mkate, nikaigeuza kwa kijiko ili isiungue. Na wino wako wa misumari ulipikwa kwenye chungu changu, wiki tatu maharage yalitoka rangi ya lami. Marehemu mume wangu alikula akasema asante."

Lucien alimkodolea macho. "Umejua tangu Aprili? Umekaa mahakamani na mimi, unamsikiliza yule Dakta?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

"Mbona ulipiga shati pasi?"

Blanche aliacha maharage. Lucien akaona kwamba macho ya dada yake yalikuwa mekundu kidogo. "Kwa sababu nilitaka kukuona umevaa lile joho, mpumbavu wewe. Miaka kumi na mmoja nilikuwekea chakula chako ndani ya oveni. Nilifikiri, acha basi, nani ataumia? Ng'ombe?"

"Wataniita mwongo."

"Watakuita. Wiki moja, kisha watapata kitu kingine."

"Na shahada itakwenda."

"Itakwenda. Ungeogelea, ungekuwa nayo tangu zamani." Akarudi kwenye maharage. "Ulishindwa na maji ya kifuani, leo unataka kumkabili jaji. Haya, nikuone."

Lucien alisukuma hati ya kiapo upande wa pili wa meza. Akapanda chumbani, akafungua droo. Chini ya matokeo ya masomo ishirini na saba kulikuwa na karatasi za pamba zilizobaki, tano, nyeupe kama siku alipozitoa ghalani. Kijiti cha lakiri nyekundu. Na kile kifungo.

"Naomba chungu," alisema aliporudi.

"Cha wino? Chukua kile kibovu. Na misumari utaitoa mwenyewe."

Alimaliza mchana. Unyoya aliupata kwa jirani mfuga bata bukini, akauchonga kama alivyouchonga wakati ule. Kisha akaandika kwa mwandiko uleule wa karani, herufi ndefu zenye mikia, ili mtu yeyote mwenye macho aziweke karatasi mbili sambamba na aone mkono mmoja.

"Tarehe andika kubwa," alisema Blanche nyuma ya bega lake. "Wasije wakasema na hii ni ya mwaka 1787."

Akaiandika kubwa.

*Mheshimiwa Jaji. Karatasi ya ng'ombe niliiandika mimi, Lucien Pelkey, kwa mkono huu unaousoma sasa. Nilipoiandika sikutaka kumdanganya mtu, nilitaka igizo liwe sahihi. Lakini tangu Aprili nimejua na nimenyamaza, na huko kunyamaza kulikuwa udanganyifu, kwa sababu niliitwa profesa na nikapenda. Mjane Submit Hale hakuwahi kuishi, hivyo hawezi kutusaidia. Familia nne kwenye lakiri ni tundu za kifungo, nacho nitakitumia tena kwenye bahasha ili ulinganishe. Hati ya kiapo niliyoletewa sikuitia sahihi. Kama karamu ya maharage ni mahali, au si mahali, mimi sijui. Najua tu kwamba bastola ilitoka kwenye chungu cha mwaka huu, na aliyeipakua ni dada yangu, yuko hai, ana miaka themanini, na hakuna aliyemwita mahakamani kumuuliza.*

Alifikiri aandike nini chini ya jina. Mwishowe akaandika: *fundi karatasi mstaafu, masomo ishirini na saba*.

"Hapo pa miaka yangu ungepaacha," alisema Blanche.

"Ni kiapo, dada. Lazima kila kitu kiwe kweli."

"Basi weka na jiolojia, ulivyoilalamikia."

Aliikunja barua mara tatu, akaitia kwenye bahasha, na nakala mbili za mawakili kwenye bahasha nyingine mbili. Akawasha kiberiti, akashikilia kijiti cha lakiri juu ya moto hadi kikaanza kulia machozi mekundu. Tone la kwanza lilianguka mezani, Blanche akaguna. La pili na la tatu yalianguka kwenye bahasha ya Jaji. Lucien akachukua kifungo, akakikandamiza kwa kidole gumba, akahesabu hadi kumi kama alivyofanya mwaka sabini na sita, akakiinua. Nukta nne zilitoka wazi.

Shati jeupe alilivaa, kwa kuwa lilikuwa tayari limepigwa pasi. Akatembea hadi posta, mwendo wa dakika kumi na tano, akimpungia mkono Orrin aliyekuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Mbele ya sanduku la barua alisimama kidogo, akazikagua stempu. Akaisukuma bahasha ya Jaji kwanza, kisha zile mbili, akasikia zikianguka moja baada ya nyingine, na akainua kile kifuniko cha chuma mara moja zaidi kuhakikisha hakuna iliyonasa.